Moshi wa Nyumba ya Mama Léontine

Anselme Vuillemin hakuwa mwizi. Muulize yeyote pale Combe-Froide, atakuapia hivyo mkono ukiwa kifuani. Alikuwa mtu wa kurudisha nyundo ya jirani siku ileile aliyoiazima, na akiokota glavu barabarani aliitundika juu ya uzio ili mwenyewe aione. Ndiyo maana ilikuwa ajabu kumwona kila alfajiri, tangu mwezi wa pili, akivuka barabara hata kabla ya kunywa kahawa, akifungua nyumba ya mama yake na kuwasha moto katika jiko la chuma ambalo halikuwa likimpasha mtu yeyote joto.

Mama yake, Léontine, alikuwa amelala makaburini, nyuma ya kanisa, upande wa jua.

Sasa, ili umwelewe Anselme, sharti uelewe habari ya kuni. Msitu wa pale juu ni wa kijiji kizima. Kila mwaka bwana misitu hupita na kopo lake la rangi nyekundu, akaitia alama miti ya kukatwa, akaigawa mafungu thelathini na moja, si zaidi. Fungu haligawiwi mtu, wala haligawiwi nyumba. Linagawiwa jiko. Tangu enzi za mababu, hakuna aliyekwenda kubisha hodi na kuuliza nani anaishi wapi. Walitazama juu ya mapaa tu. Dohani ikitoa moshi, kuna jiko, na penye jiko pana fungu. Siku hizi ofisi ya meya ina orodha iliyopigwa chapa, lakini orodha yenyewe huandikwa na karani anayezunguka mwezi wa kumi huku shingo yake imeelekea juu. Jiko likizimika, fungu lake huenda kwa jina la kwanza kati ya wanaosubiri.

Jiko la Léontine halikuzimika. Karani alipita, akaona moshi, akaandika.

Anselme hakusema uongo, maana hakuna aliyemuuliza. Tena yeye mwenyewe alikuwa mmoja wa wadhamini watatu wa msitu, wale wanaotia sahihi mbele ya baraza kwamba kila kitu kitakwenda kwa haki. Na usidhani alikuwa na shida ya kuni. Nyuma ya nyumba yake zilipangwa kuni za kutosha baridi nane, safu juu ya safu, zimenyooka kama vitabu vya wakili. Zile za chini kabisa zilikuwa zimeanza kuota uyoga. Wenzake wa rika lake hutoa mifukoni picha za wajukuu; Anselme alikuonyesha kuni. Alizipenda jamani, hakuna namna nyingine ya kulisema. Alipenda harufu yake, alipenda kujua zipo, na usiku wa upepo alilala usingizi mzito kwa sababu yake.

Tumtendee haki pia. Kwa miaka kumi na mmoja, tangu miguu ya Léontine ilipoanza kumsaliti, mwanawe ndiye aliyemwashia moto asubuhi. Kesho yake baada ya mazishi alivuka barabara kwa mazoea, akajikuta amepiga magoti mbele ya jiko na kiberiti mkononi. Akawasha. Chumba kilipopata joto kilirudisha harufu ya mama yake, sabuni na kitunguu, naye akakaa pale akalia. Mwezi wa pili yalikuwa majonzi matupu. Ilipofika mwezi wa kumi na karani akapita, siwezi kukuapia yalikuwa nini.

Kijiji kizima kilijua. Wangekosaje kujua, na wote walikuwa wamebeba jeneza, wakala nyama ya nguruwe ya matanga na kusifu haradali yake? Walijitia hamnazo. Walimpenda Anselme, na kila mmoja alikuwa na kajambo kake ambako hakupenda kaulizwe. Odon Prost tu, mdhamini wa pili na rafiki yake tangu darasa la kwanza, ndiye aliyemtania walipokutana kwenye bomba la maji.

“Mama anaionaje baridi ya mwaka huu?”

“Anavumilia,” Anselme alijibu, na wote wawili wakatazama viatu vyao.

Mwishoni mwa mwezi wa tisa walikuja wapangaji katika shule ya zamani, ile iliyofungwa watoto walipoisha kijijini. Walikuwa wawili, baba na binti. Binti, Maëlle Roussy, alifanya kazi ya kutunza wazee katika makao yaliyoko bondeni. Baba yake, Urbain, alikuwa mwokaji mikate mstaafu. Miaka arobaini mbele ya tanuri, na sasa mapafu yake yalikuwa yamejaa vumbi la unga na daktari alikuwa amemkataza baridi. Kumkataza mtu baridi, halafu akahamie shule yenye dari za mita nne na jiko kubwa lisilo na kuni. Kodi ilikuwa nafuu, ndiyo sababu. Maëlle alikwenda ofisini siku ya tatu tu baada ya kufika, akaandikisha jiko lao. Karani alimweleza kwa upole kwamba mafungu yamejaa, lakini jina lake ni la kwanza kwenye orodha ya wanaosubiri.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa kumi, Anselme alikuta bakuli mlangoni kwa mama yake. Lilikuwa bakuli la buluu lenye ufa ukingoni, limefunikwa sahani na kufungwa kwa kitambaa, na juu yake karatasi iliyokunjwa. Akaisoma akiwa amesimama.

“Bibi Léontine, jina lako nimeliona kwenye sanduku la barua. Sisi ni jirani zako wapya wa shuleni. Baba huamka alfajiri kwa mazoea ya kazi yake, na kwa dirisha letu hakuna kinachoonekana ila dohani yako. Anasema akiona moshi wako anajua kuna mwenzake aliyeamka. Hiyo inampa moyo. Asante kwa moshi wako. Supu ni ya viazi na liki, na soseji kidogo. Maëlle.”

Hapo ndipo ilipompasa Anselme kwenda kubisha hodi shuleni na kusema ukweli. Alijaribu. Alifika hadi kwenye lango, akaweka mkono juu ya komeo. Lakini kumwambia yule binti kwamba mama amefariki ni kumwambia pia kwamba jiko ni la uongo, na jiko likiwa la uongo, fungu ni la nani? Alirudi nyuma hatua kwa hatua. Supu nayo haikuwa ya kumwagwa. Akaila jikoni kwa mama yake, amesimama, imepoa, kama mtu anayeiba chakula cha paka. Lo, ilikuwa tamu. Tangu Februari hakuna mtu aliyekuwa amempikia.

Akaliosha bakuli. Kisha likatokea tatizo jingine, maana Combe-Froide hakuna anayerudisha chombo kitupu, na Léontine angefufuka kwa aibu. Anselme alikwenda bandani, akachukua mayai matatu ya kuku wa mama yake, akayaweka ndani, akaliacha bakuli kizingitini. Jioni halikuwepo.

Jumamosi iliyofuata likarudi. Supu ya maboga. Barua ilisema asante kwa mayai, baba amekula mawili na kifua kimetulia. Jumamosi ya tatu, dengu. Kila barua ilikuwa na asante ndani yake, na kila asante ilimkaa Anselme kooni kama mwiba wa samaki. Mtu akikutukana unaweza kujitetea. Utajiteteaje kwa anayekushukuru?

Na alikuwa na macho. Alimwona Maëlle mpakani mwa msitu akiburuta matawi makavu yaliyoanguka, kamba begani, viatu vimejaa matope. Aliona moshi wa shule, moshi mweupe mzito unaolala juu ya paa badala ya kupanda, moshi wa kuni zilizolowa. Upepo ukivuma kutoka upande ule, aliweza kusikia kikohozi cha mzee. Mwakani watapata, alijiambia. Mwakani bila shaka.

Siku moja walikutana uso kwa uso mbele ya nyumba ya Léontine. Maëlle alimsalimu kwa heshima, akaomba, kama haitakuwa usumbufu, aingie siku moja kumwona bibi.

“Hatoki,” Anselme alisema.

“Hatoki kabisa?”

“Kabisa.”

“Pole sana, Mzee Anselme. Mpe salamu zetu.”

Hata hapo hakuwa amesema uongo, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Alibaki pale akitazama ukuta wa nyumba, mahali palipokuwa na alama nyeupe ya kuni zilizokaa miaka mingi. Léontine alikuwa na desturi yake. Nje ya ukuta, upande wa barabarani, aliweka safu moja ya kuni kavu, bila mabati, bila kamba. Aliyepungukiwa alichukua mzigo wa mikono miwili akaenda zake, bila kubisha hodi wala kuaga. Mwezi wa tatu, udongo wa kaburi ukiwa bado umevimba, Anselme aliihamisha safu ile nyuma ya nyumba na kuifunika mabati. Mvua, aliwaambia watu. Mvua ilikuwa ikinyesha pale tangu hajazaliwa.

Jumapili ya pili ya mwezi wa kumi na moja, baada ya misa, watu walikusanyika ukumbini kugawana mafungu kwa kura. Namba zimechongwa kwenye vipande vya mti, nazo hutiwa ndani ya kofia kuukuu ya bwana misitu aliyekufa zamani. Meya, Ghislaine Tissot, mama mnene mwenye sauti ya taratibu, husoma majina kwa alfabeti, na kila mwenye jiko huja kuchovya mkono wake. Wanacheka, wanataniana, aliyepata fungu la mteremkoni anapewa pole na wenzake wanaoficha furaha yao. Maëlle alikaa kiti cha nyuma na daftari dogo. Alikuwa ameambiwa kwamba mara nyingine hakosi mtu wa kujitoa.

Akina Vuillemin ni wa mwisho. Anselme alichukua lake, namba ishirini na mbili.

“Vuillemin Léontine,” Meya akasoma, bila kuinua macho.

Kicheko kilikatika. Mtu mmoja alianza kufunga kamba za viatu ambavyo havikuwa na kamba. Kwa desturi mtoto huchukua kwa niaba ya mzazi asiyejiweza, na Anselme alisimama tena, akauingiza mkono kofiani. Kipande cha mwisho kilikuwa kimelala chini, peke yake. Alikigusa.

“Samahani, Bi Meya,” sauti ikasema kutoka nyuma. “Naomba kusema neno kabla hajakichukua.”

Alikuwa Maëlle, amesimama, amekumbatia daftari lake.

“Bibi Léontine hawezi kukata miti. Na Mzee Anselme mgongo unamsumbua, nimemwona anavyoinama. Mimi sina fungu mwaka huu, ni sawa, ndio utaratibu wenu, sijaja kulalamika. Lakini nina mikono. Ningependa kumkatia bibi fungu lake na kumletea hadi mlangoni. Sitaki chochote. Tangu tuje hapa hakuna aliyetufaa kama yeye. Kila bakuli ninalompelekea hulirudisha na mayai.”

Jambo la ajabu ni kwamba ilikuwa rahisi kabisa kuponyoka. Angesema asante binti, tutaona, na ukumbi mzima ungeshusha pumzi na kumsaidia kufunika. Odon alikuwa akimtazama, na kwa mara ya kwanza katika miaka sitini uso wake haukuwa na utani. Anselme aliutoa mkono kofiani, mtupu. 

“Mama amefariki,” alisema. “Tumemzika mwezi wa pili. Hawa wote walikuwepo.”

Maëlle hakuelewa. Ilionekana wazi, alikuwa akitabasamu bado, tabasamu la mtu anayesubiri sehemu ya pili ya habari.

“Moshi ni wangu,” Anselme akaendelea. “Moto ninauwasha mimi ili jiko lihesabiwe. Hilo fungu ni lako. Lilikuwa lako tangu siku uliyojiandikisha.”

“Na supu?”

“Nimekula mimi. Zote sita.”

Kuna aliyecheka kwa pua huko pembeni, mkewe akamkanyaga. Maëlle alikuwa amekuwa mwekundu hadi shingoni.

“Na barua zangu?”

“Nimezisoma.”

“Baba huinua kikombe chake dirishani kila asubuhi,” alisema polepole. “Anamsalimu. Nimwambie alikuwa akimsalimu nani?”

Hakungoja jibu. Alitoka, na mlango ukajifunga nyuma yake bila kishindo.

Meya alichukua kalamu, akafuta jina moja na kuandika jingine. Kisha akauliza, kwa ile sauti yake ya taratibu, nani atamchukulia Roussy ambaye hayupo. Odon alisema ni kazi ya mdhamini, akamnyooshea Anselme kidole. Basi Anselme akauingiza mkono kwa mara ya tatu, akatoa namba tisa, mialoni iliyonyooka karibu na njia, fungu zuri kuliko yote ya mwaka ule. Akaomba papo hapo kuacha udhamini.

“Kaa chini,” Odon akamwambia. “Nyama ya matanga tulikula wote, na orodha tuliiona wote. Ukiondoka wewe, tuondoke sote, halafu msitu ukalindwe na sungura.”

Hakuna aliyepinga. Baadhi ya watu walikuwa wakipangusa macho yao wakisingizia mafua.

Walirudi nyumbani pamoja, Odon na yeye, na Anselme alijisikia mwepesi ajabu, kama aliyetuliwa gunia mgongoni. Alishukuru, kweli alishukuru, hata akataka kupiga mluzi. Deni limekwisha, alifikiri. Binti amepata chake.

“Namba tisa,” Odon akasema walipofika kwenye bomba la maji. “Zitawaka vizuri zile. Baada ya baridi mbili.”

Anselme akasimama. Mti unaokatwa leo hauchomwi leo, hata mtoto anajua. Alikuwa amerudisha kile ambacho hakikuwa chake, na yule mzee wa shuleni angeendelea kukohoa vilevile, mwaka huu na mwaka ujao. Alichohitaji hakikuwa msituni. Kilikuwa nyuma ya nyumba ya Anselme, kikavu, kimepangwa, halali yake tupu. Amekikata kwa mikono yake, amekipasua kwa mgongo wake ule unaomsumbua. Hakuna sheria ya kijiji iliyogusa hata kijiti kimoja cha pale, na hakuna ambaye angemlaumu.

Alasiri nzima alizunguka kuni zake. Mwishowe akapiga moyo konde, akaleta toroli, akaanza kupakia. Toroli ilipojaa akaitazama vizuri, akaona alichokuwa amefanya. Alikuwa amechomoa zile za chini, zenye uyoga. Mikono yake ilikuwa imechagua yenyewe, bila kumuuliza. Alisimama pale akajionea haya kuliko alivyojionea ukumbini, maana safari hii hakukuwa na mtu wa kumwona. Akazimwaga zote kando. Kisha akavuka barabara hadi nyuma ya nyumba ya mama yake na kuyaondoa mabati.

Jumatatu hakuwasha moto. Alikwenda saa ileile, akapiga magoti palepale, lakini mkononi alikuwa na ndoo na koleo. Alichota majivu hadi chuma kikaonekana. Jiko lilitoa milio midogo koleo lilipolikwangua, kisha likanyamaza. Anselme aliliegemezea paji lake la uso, akalia kwa sauti, kilio kizima ambacho alikuwa amekikwepa kwa miezi tisa. Alimshukuru mama yake kwa kila kitu alichoweza kukikumbuka. Alipotoka nje, mapaa yote ya Combe-Froide yalikuwa yakifuka moshi isipokuwa lile moja, na wapita njia walilitazama na kuvua kofia.

Alifunga tela kwenye trekta, akapakia safu ya Léontine yote, akaenda shuleni. Maëlle alifungua mlango, uso ameukunja.

“Hizi ni kavu,” Anselme alisema. “Ni za mama.”

“Sihitaji zawadi yako, Mzee Anselme.”

“Si zawadi. Alikuwa akiziweka barabarani, mwenye shida ajichukulie. Mimi ndiye niliyezificha. Ungekuja mwaka jana ungezikuta.”

Maëlle alilitazama tela. Nyuma yake alitokea Urbain, mzee mrefu mwembamba, skafu mbili shingoni. Hakusalimu. Alishuka ngazi, akachukua vipande viwili kutoka kwenye tela, akavigonganisha karibu na sikio lake. Vikalia kwa mlio safi, kama kengele ndogo. Akavigonganisha tena, akafumba macho.

“Miaka mitatu,” alisema. “Zimekauka kwa miaka mitatu, na aliyezipasua anajua kazi. Maëlle, fungua mlango wote.”

Walishusha wote watatu, Urbain akibeba kipande kimojakimoja na kukisifia kila kimoja. Maëlle alifanya kazi bila kumtazama Anselme. Tela lilipobaki tupu ndipo aliposema.

“Bakuli la sita hujalirudisha.”

Anselme alikimbia nyumbani, kama mzee wa miaka sitini na saba anavyoweza kukimbia, akarudi nalo likiwa na mayai matano. Maëlle aliyahesabu kwa macho, akalipokea, akafunga mlango.

Wiki ile Anselme alianza kupanga safu mpya mbele ya ukuta wa mama yake, barabarani, bila mabati. Alizichukua kuni katikati ya safu zake mwenyewe, zile bora. Ijumaa alikuta pengo la mzigo wa mikono miwili. Hakujua nani, na alishangaa kuona kwamba hataki kujua. Alijaza pengo akaendelea na shughuli zake.

Jumamosi hakukuwa na bakuli kizingitini kwa Léontine. Alikwenda kutazama mara mbili, na ya tatu akisingizia kuku. Wala kwake halikuwepo. Ni haki yangu, alijiambia, akamega kipande cha jibini na mkate mkavu. Hajaanza kutafuna, akasikia mkongojo ukigonga lango. Alikuwa Urbain, kavaa kofia, anahema kidogo.

“Supu haiji kwako tena,” mzee alisema. “Binti yangu anasema ukitaka kula, uje ukae mezani kama watu.”

Chumba cha shule kilikuwa na joto. Sijui nikuelezeje joto lile, dari ya mita nne na bado mtu unavua koti. Ubao mweusi ulikuwa ungali ukutani, na jiko kubwa lilikuwa likivuma taratibu kwa kuni za Léontine. Maëlle aliweka mbele ya Anselme bakuli la buluu lenye ufa. Hakutabasamu, lakini alimpa soseji kubwa kuliko ya baba yake. Anselme alisema asante, na neno hilo, alilolisoma mara nyingi bila kuwa lake, sasa lilitoka kinywani mwake likiwa zito kidogo.

“Sasa,” Urbain akasema, akivuta kiti karibu. “Nimemwinulia kikombe mwezi mzima na zaidi. Nina haki ya kujua. Alikuwa mtu wa namna gani?”

Anselme aliweka kijiko chini. Tangu mazishi hakuna aliyemuuliza, maana wote walimjua.

“Mkono wa birika,” alisema. “Siagi aliipaka kwenye mkate, kisha akaikwangua kwa kisu na kuirudisha chomboni. Jamu aliifungia kabatini, na ufunguo alilala nao. Alinipa peremende Krismasi, moja, akaniambia niinyonye polepole.” Urbain alikuwa akicheka hadi akakohoa. “Lakini si kuni. Kwenye kuni hungemjua. Nilimwuliza siku moja, mama, mbona siagi hutoi na kuni unatoa? Akasema siagi nimeitengeneza mimi, mwanangu, mti sikuupanda.”

Akaendelea. Alieleza jinsi mama alivyoimba vibaya kanisani na jinsi alivyompiga bwana misitu kwa ndala. Alieleza asubuhi ya mwisho, mama alipomwambia moto wa leo umeuwasha vizuri. Maneno yalimjia yenyewe, moja likivuta jingine, na supu yake ikasahaulika hadi mafuta yakaganda juu. Maëlle alinyoosha mkono, akalichukua bakuli. Akaimimina supu kwenye sufuria, akaipasha moto, akamrudishia.